Toka Kidogo Niingie

Baba,

Nisamehe kwa kukaa hivi bila kukuandikia. Tumevuna mahindi, tumepanda mengine, Makena amejua kutembea na sasa anakimbiza kuku uwanjani, na mimi bado nasema kesho. Siku ya mazishi kila mmoja alisoma barua yake ya kukuaga. Ndugu yangu Mutuma alisoma, Mama akasomewa na mchungaji, hata wale wa chama cha maziwa walisoma. Mimi nilisema mtoto analia, nikatoka. Hakuwa analia, alikuwa amelala fofofo. Nilijiambia nitakuandikia polepole, nikiwa nimetulia. Halafu wiki iliyofuata lile jambo la faili likatokea, na kutoka hapo sikuweza tena. Ningeanzaje kukwambia habari za mtoto na za duka huku nimeficha lililo kubwa?

Kubwa lenyewe ni hili. Nilidhani nimekufutia kazi yako. Yote.

Wacha nianze mbali kidogo, kama mtu anayemweleza msafiri, maana sijui huko mnapata habari gani.

Unakumbuka nilivyorudi nyumbani nikiwa na mimba, daktari akasema nisibebe kitu, nisichimbe, nikae tu. Mkweo Njeru alikuwa kazini Embu, akaona heri nikae kwenu Nkubu, karibu na Mama, yeye aje Jumamosi. Nikawa nakaa dukani kwako nimeinua miguu juu ya gunia la chumvi ya ng'ombe, nimenuna. Ukanitazama siku mbili. Siku ya tatu ukaja na yale madaftari yako, yote kumi na tisa, yamefungwa na kamba ya katani, ukayaweka mbele yangu ukasema, "Mami, vidole havina mimba. Andika."

Hakuna mwingine aliyewahi kuniita Mami. Nina jina la mama yako, kwa hivyo ulinituma kama mtoto na kuniheshimu kama mzazi, mara nyingi kwa sentensi moja.

Madaftari yale yalikuwa maisha yako yote ya kupandisha ng'ombe. Kila mlima uliopanda na pikipiki na ule mtungi wako wa mbegu za fahali umefungwa nyuma, ukifunguliwa unatoa moshi wa baridi na watoto wanapiga kelele. Kila ng'ombe uliyemhudumia, tarehe, fahali gani, ndama gani alizaliwa. Na hukuandika kwa jina la mwenye shamba. Wanaume walikuwa wanakulalamikia. Mzee M'Mugambi alikuja mpaka kaunta akagonga na fimbo: "Daktari, ng'ombe ni yangu, boma ni yangu, mbona kwa kitabu umeandika Mama Kathure?" Ukamjibu bila kuinua macho, "Mzee, hiyo ng'ombe ikiingia joto, ikitaka fahali, ni nani atajua, wewe au yeye?" Watu wakacheka, na yeye mwenyewe akacheka. Uliniambia baadaye kwamba ng'ombe hamjui mwenye hati ya shamba, anamjua anayemkamua. Kwa hivyo nikaandika hivyo hivyo kwenye kompyuta. Ng'ombe ya Mama Kathure, ya kwanza. Ng'ombe ya Mama Kendi, ya pili kutoka mlango.

Mafahali nao uliwapa majina yako. Yale ya kizungu yaliyochapwa kwenye mirija ya mbegu ulisema yanakuumiza ulimi. Kwa hivyo kulikuwa na Mwalimu, kwa sababu binti zake wote ni watulivu, na Askari, kwa sababu binti zake hawakubali kuguswa na mgeni. Wanawake wa mlima mzima wakayashika. Ungesikia mtu sokoni anasema, "Huyu wangu ni wa Mwalimu," kwa kujivuna, kama anayetaja shule ya mtoto wake. Jina la kweli la fahali, lenye namba, uliliandika mara moja tu, ukurasa wa kwanza wa daftari. Mimi ndiye niliyelihamisha nikaliweka mbele ya kila ng'ombe.

Kompyuta zilikuwa mbili. Moja yangu kaunta, moja yako chumba cha nyuma, karibu na mtungi. Faili ilikaa kwenye ile ya nyuma, nami nikaifikia kupitia ile programu ya kugawana faili, kwa waya ulioupitisha juu ya dari mwenyewe ukisaidiwa na Mutuma, mkatoboa bomba la maji. Na mwanzo programu ilikuwa na adabu. Mmoja akiwa ndani ya faili, mwingine akijaribu kuingia anaambiwa ngoja, inatumika. Basi ungepaza sauti kutoka nyuma, na duka limejaa wateja: "Mami! Toka kidogo niingie!" Watu wote wanageuka. Nikakwambia, Baba, hivyo ndivyo watu huongea mlangoni pa choo. Ukasema, "Na si ni hivyo hivyo? Kiti ni kimoja."

Kuna siku nilikuwa na uchungu wa mgongo, nikakataa kutoka, nikakujibu ngoja. Nikasikia umecheka kule nyuma, ukasema, "Huyu kweli ni mama yangu."

Kuna kitu kingine kilikuwa kwenye ile faili ambacho sijawahi kumwambia Mutuma wala Mama. Sehemu ya mwisho ya kila mstari, ile ya maoni. Hapo mtu huandika kama ng'ombe alishika mimba au hakushika. Wewe ulianza kuniandikia mimi. Simu hukuipenda, ulisema inakufanya uongee kama mtu anayekimbia. Lakini nikifungua faili asubuhi nakuta, mbele ya ng'ombe ya Mama Kendi: "Alishika. Mami chai iko kwa thermosi usinywe na tumbo tupu." Mbele ya mwingine: "Hakushika, tutarudia. Nimeenda Kanyakine. Ukisikia mtoto amegeuka tumboni niambie saa ngapi." Nami nakujibu hapo hapo, chini. Ukiisoma kutoka juu hadi chini, ng'ombe kwa ng'ombe, unatuona sisi wawili tukiongea miezi kumi na minne. Makena alizaliwa humo ndani. Uliandika, mbele ya ng'ombe wa mwalimu mkuu mstaafu: "Amefika salama. Kilo tatu. Ana masikio ya kwetu." Mpaka leo sijui kwa nini ulichagua yule ng'ombe. Labda ndiye uliyekuwa umemaliza kumwandika.

Basi nilipomaliza daftari la kumi na tisa nikakuuliza, haya nayaweka wapi? Ukasema, "Karatasi imemaliza kazi. Funga nazo chumvi." Na hapa, Baba, nakupenda lakini nitasema: hilo lilikuwa kosa lako. Mimi ndiye niliyeyachana, ndiyo, ukurasa kwa ukurasa, kwa mikono hii. Nikafungia watu chumvi ya ng'ombe nusu kilo, na mbegu za sukuma, na vidonge vya minyoo. Lakini wewe ndiye uliyesema. Tuliiamini ile tiki ya kijani kuliko mwandiko wako. Kila nikihifadhi inatokea tiki ya kijani, nawe ukiiona unasema, "Amina."

Siku tatu kabla hujaanguka, ile programu ilijisasisha yenyewe. Tuliiona tu imebadilisha rangi kidogo. Na siku ile ya mwisho ulikuwa nyuma, mimi kaunta, Makena kwenye boksi la chanjo tulilotandika blanketi. Hukuniambia nitoke, na mimi sikuambiwa ningoje. Nilifikiri huandiki. Nikaandika ng'ombe wawili, nikahifadhi, tiki ikaja, nikafunga duka. Jioni hiyo ukalalamika kichwa. Unajua yaliyobaki kuliko mimi.

Wiki moja baada ya kukuzika, Mama Kathure akaja kabla sijafungua hata dirisha. "Kagendo, mtamba wangu mwekundu ameingia joto, angalia kwa kompyuta ya baba yako alizaliwa na nani." Nikafungua faili. Ikafunguka haraka, haraka kuliko siku zote, na haikuwa na kitu. Hata kichwa cha jedwali hakikuwepo. Nikaizima nikaiwasha. Nikakimbilia flashi, ile inayonakili faili yenyewe kila siku, nikakuta imenakili utupu kwa uaminifu, ikaweka juu ya ile nzuri. Mutuma akaja akabonyeza bonyeza, akapata pahali pameandikwa nani aliyeibadilisha mwisho. Pameandikwa KAUNTA. Akanitazama. Akasema, "Wewe ndiye uliingia mwisho." Hakusema kwa ubaya. Ndiyo maana iliniuma.

Nikamwambia Mama Kathure faili imeharibika. Akasema si neno, tutaendelea tu. Huduma yako imechukuliwa na Gitonga, mtu mzima, mpole, anatoka upande wa barabara ya Embu. Alipofika kwa Mama Kathure akauliza vizuri, kama wewe ulivyouliza: huyu baba yake ni nani? Mama Kathure akamjibu, "Ni wa Mwalimu." Gitonga akasema hamjui fahali anayeitwa Mwalimu. Akatafuta kwenye mtungi wake akatoa mrija wa fahali mzuri, anayesifiwa na kila mtu, jina lake refu la kizungu. Akampandisha.

Ndama alizaliwa miezi tisa baadaye. Jike. Mdogo kama mbuzi, miguu ya mbele imejikunja, hakuweza kusimama. Mama Kathure alimnyonyesha kwa chupa akiwa amempakata, mwanamke mzima na magoti yake yale. Siku ya tatu akafa. Nilienda kumpa pole nikiwa na Makena, nikamkuta anasafisha ile chupa, anaisafisha tena. Akaniambia, "Wamerudi damu. Huyo Mwalimu wenu ndiye huyo huyo wa Gitonga." Alikuwa ametoa mirija miwili kwenye mabati ya zizi, ule wako wa zamani na ule wa Gitonga, akailinganisha maandishi. Namba ni ile ile. Alimpandisha binti kwa baba yake. Halafu akasema, polepole, "Kagendo, baba yako hangefanya hivi."

Baba, nimetukanwa na wateja, nimetukanwa na makanga, nimezaa. Hakuna kilichonipiga kama hayo maneno manne. Kwa sababu ni kweli. Na kwa sababu alikuwa hajui kwamba aliyefanya hivyo ni mimi.

Kesho yake nikakung'oa kompyuta ya nyuma. Naona nimeandika nikakung'oa. Wacha ibaki hivyo. Nikaifunga kwa leso, nikampa Mama mtoto, nikaenda nayo Embu, nimeipakata njia yote. Dada ya Njeru, yule Wawira, anafundisha mambo ya kompyuta chuo kimoja huko. Nilimwambia kila kitu, mpaka ile KAUNTA. Nikamwambia, wifi, nitafutie hata nusu. Hata mstari mmoja.

Alikaa nayo siku mbili. Alipata vipande: herufi tatu hapa, namba nusu pale, kama makombo ya mkate chini ya meza. Hakuna hata neno moja zima. Lakini siku ya pili, mchana, akaniita nikae karibu naye. Akanionyesha ilani ya wale waliotengeneza programu. Akanisomea kwa Kiswahili, pole pole. Lile toleo jipya lilikuwa na kasoro. Lilisahau kufunga mlango. Watu wawili wakiwa kwenye mashine mbili wangeweza kuingia faili moja wakati mmoja bila yeyote kuambiwa ngoja, na wote wawili wakihifadhi, faili inaandikwa tupu. Tiki inakuja kama kawaida. Wameirekebisha wiki kadhaa baadaye, wakaomba radhi, wakaandika kwamba data inaweza kupotea "katika hali chache."

Wawira akasema, "Wifi, kosa si lako. Na si la mzee. Mlango ulikuwa wazi mkaingia wote."

Nilicheka. Wawira akaniangalia kama nimepagawa. Nilikuwa nimekumbuka kiti ni kimoja. Halafu nikalia, Baba, sijalia hivyo hata kaburini, nikalia mbele ya wanafunzi wa watu waliokuwa wanapita na vitabu vyao. Hali chache. Wewe na mimi ndio hali chache.

Kwa sababu hebu fikiria. Ina maana siku ile ya mwisho ulikuwa ndani. Muda ule ule. Mimi natafuta sauti yako ya mwisho mwaka mzima, najilaumu kwamba nilifunga duka bila kukuchungulia kule nyuma, kumbe tulikuwa tumekaa faili moja, bega kwa bega, hakuna aliyemwona mwenzake. Ulikuwa unaandika. Labda ng'ombe tu. Labda uliniandikia kitu pale mwisho wa mstari, ukihesabu nitakikuta asubuhi. Sitajua. Hilo ndilo linalonirudia nikiwa nakoroga uji, nikiwa nafua nepi, sijui niliweke wapi. Kama ningepaza sauti tu. Kama ningesema, Baba, uko ndani?

Nimejiambia basi. Nimejiambia Kagendo, ng'ombe za watu zinaingia joto, na wewe unalia.

Nilirudi Nkubu nikamwita Mutuma, nikamweleza mbele ya Mama. Nikamwambia, "Sasa ulivyosema mbele yangu, useme na hili mbele ya wengine." Akasema nisamehe dada. Nikasema nimekusamehe, lakini kaseme. Na amesema, mpaka kanisani, baada ya matangazo. Mzee M'Mugambi akasimama kule nyuma akauliza kwa sauti, "Kwa hivyo kompyuta ilikula kitabu ya daktari?" Mutuma akasema ndiyo mzee. Mzee akasema, "Ng'ombe ikikula kitabu, angalau unapata mbolea." Kanisa zima likacheka, mchungaji akafunga macho kama anaomba.

Kisha nikaenda kwa Mama Kathure. Peke yangu. Nikamwambia yote, kutoka madaftari niliyoyachana mpaka mlango usiofungwa. Akaingia jikoni, akatoka na pakiti ya chumvi, ile ya nusu kilo, iliyobaki robo. Akaimwaga chumvi kwenye sufuria. Akaipangusa karatasi kwa kiganja, akainyoosha juu ya paja, akanipa.

Mwandiko wako, Baba. Ile "g" yako yenye mkia mrefu kama wa nyani. Ng'ombe ya Mama Karimi, ya kwanza, Askari, ameshika.

Nilibusu karatasi ya chumvi. Ilikuwa chungu.

Akasema, "Watu hapa hawatupi karatasi. Anza hapa, nenda nyumba kwa nyumba. Na uwaulize wanawake, usiwaulize wale wengine."

Hiyo ndiyo kazi yangu sasa. Asubuhi Mama anakaa kaunta, mimi namfunga Makena nazunguka. Nimepata kurasa zako mahali ambapo hungeamini. Moja ilikuwa imeziba tundu la panya kwa Mama Kendi. Moja iko chini ya kuku anayelalia, mwenyewe akaniambia ningoje mayai yaanguliwe, nikangoja. Moja ilikuwa ndani ya Biblia kwa Mathayo, mama huyo alisema aliihifadhi kwa sababu ina jina lake na hakuna mtu mwingine aliyewahi kuandika jina lake kitabuni. Nilinakili pale pale nikamwachia. Singeweza kuichukua.

Pale karatasi imekwisha, mirija ipo. Ile mirija mitupu uliyowaachia kama ushahidi, wameichomeka kwenye mabati ya mazizi yao yote, imepangwa kama njiti za kiberiti. Maandishi mengine yamefifia na jua, nausogeza mrija karibu na dirisha nayasoma. Na pale mirija haipo, wanawake wanakumbuka. "Alikuja siku tuliyomposa binti wa Nkirote, mvua ilikuwa inanyesha, akaniambia huyu ni wa Mwalimu, utampenda." Ukikaa nao uwape muda, wanakumbuka mpaka shati ulilovaa. Kama ungeandika kwa majina ya wenye mashamba, ningekuwa nabisha milango ya watu wanaoniambia, muulize mke wangu. Nimekushukuru kwa hilo mara nyingi njiani, kwa sauti, watu wakidhani naongea na mtoto.

Gitonga amekubali hapandishi ng'ombe wa mlima huu kabla hajapitia kwangu. Mara ya kwanza alinuna, akasema, "Mama Makena, sasa mimi niwe naomba ruhusa?" Nikamwambia ndiyo. Nikamwonyesha mirija miwili ya Mama Kathure. Hajanuna tena. Mtamba mwekundu amepandishwa upya, na damu ya mbali. Ameshika. Mama Kathure ananiita niguse tumbo la huyo mtamba kila nikipita, kama mkunga.

Mama yuko sawa. Anakula. Bado anakupakulia, halafu anakumbuka, anamwekea Makena, na Makena anazidi kunenepa kwa chakula chako. Njeru amepata nyumba kubwa kidogo Embu, anataka tuhamie mwaka ujao. Nimemwambia si kabla sijamaliza mlima. Hakupenda, lakini Jumamosi iliyopita alikuja akazunguka na mimi, akashika mtoto huku naandika. Ni mtu mzuri. Ulikuwa umesema hivyo na mimi nikadhani unamtania.

Nimekukosa, Baba. Nimekukosa kwa namna ya kipumbavu, si kama watu wanavyosema kanisani. Nimekosa mtu wa kuniambia nisinywe chai na tumbo tupu. Nakunywa na tumbo tupu kila siku, makusudi, nikitega sikio.

Sasa nikuage, mtoto ameamka, na karatasi inaisha. Lala salama. Nakuahidi hivi: kila ng'ombe ataandikwa kwa kalamu kwanza, vitabu viwili, kimoja kwangu kimoja kwa Mama Kathure, na kompyuta itafuata nyuma kama mtoto mdogo. Sitachana tena karatasi yoyote yenye mkono wa mtu. Na sitamruhusu yeyote, hata mchungaji, aseme kwamba kazi yako ilipotea. Imetawanyika tu, na mimi nina miguu.

Lakini kuna zingine siwezi bila wewe. Nimezunguka zimenishinda. Hizi ndizo nahitaji unitumie, kwa njia yoyote uliyo nayo huko, hata kwa ndoto, mradi iwe ndoto fupi, silali sana:

Fahali uliyemwita Bwana Harusi, namba yake. Yuko kwenye kurasa saba na hakuna mrija wake hata mmoja.

Ng'ombe ya "Mama wa juu". Juu wapi? Kuna nyumba tano juu, na wote wanasema si wao.

Wale mapacha wa Mama Mukami, nani aliuzwa Laare na nani alibaki. Mwenyewe anasema mmoja, mume anasema mwingine, wamegombana kwa sababu yangu.

Tarehe ya ng'ombe wa kwanza kabisa uliyempandisha. Mama anasema ulikuwa umevaa koti ya kuazima na ulitetemeka. Mwaka hakumbuki. Nataka uwe mstari wa kwanza.

Na ile alama ya duara unayoweka pembeni ya baadhi ya ng'ombe. Gitonga anasema ni ng'ombe mwenye maziwa mengi, Mama Kathure anasema ni mwenye kupiga teke. Hii nitumie haraka, Baba, kabla ya zote, kwa sababu kesho asubuhi naenda kwa Mama Gatwiri, ng'ombe wake wote wanne wana duara, na nitakuwa na mtoto mgongoni.